Utani au vichekesho vya jukwaani: kipi kinamwinua mwinjilisti kijana?

Kwenye misheni ya vijana, siku ya nne ndiyo nzito. Siku ya kwanza vijana wanashuka kwenye Coaster wakiimba. Ya pili wanagombania zamu ya kuhubiri. Ya tatu mvua inawanyea, milango miwili mitatu inafungwa mbele yao, na mzee mmoja anawauliza wao ni watoto wa nani hata waje kumfundisha Biblia. Asubuhi ya nne unawakuta kwenye madawati ya darasa wanamolala, mablanketi mabegani, kila mmoja ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na hakuna anayeongea.

Kiongozi wa misheni hapo ana kama nusu saa. Wengi wetu nusu saa hiyo tunaitafutia kicheko, na tuko sahihi. Ukimhubiria kijana aliyechoka kuhubiri, unamwongezea mzigo. Ukimchekesha, mabega yanashuka, chai inanyweka, na mtu anakumbuka viatu vyake aliviacha wapi.

Ila kicheko si kimoja, na Kiswahili kimeshatutengea majina: utani, mzaha, masihara, kichekesho, dhihaka, kejeli. Hakuna mtoto wa Mwanjelwa, pale Mbeya, anayehitaji kuelezwa tofauti ya kutaniwa na kukejeliwa. Nimesindikiza vijana wa misheni za likizo kutoka Mbeya mjini kwa miaka mingi sasa, kushuka Rungwe na Kyela, kupanda Makete, kwenda Usangu na Chunya. Nimeona kicheko kikimrudisha kijana barabarani, na nimeona kicheko kikimpandisha basi la kwenda kwao. Naandika kwa ajili yako unayepanga safari ya Juni au ya Desemba na unajiuliza: nimchukue yule mshereheshaji anayependwa na vijana, au niwaache wataniane wenyewe? Nitagusa pia kisa cha kiongozi na vichekesho vya simu, lakini uamuzi mkubwa uko kwenye hivyo viwili vya kwanza.

Usiku wa mshereheshaji, Rungwe

Rungwe si mahali pa kumtambulisha Yesu kwa mara ya kwanza. Wamoraviani walijenga misheni yao pale mwaka 1891, na mwaka huohuo Waluteri wa Berlin walikuwa wakianza upande wa Ziwa Nyasa. Mwinjilisti wa miaka 20 akibisha hodi huko, mara nyingi anafunguliwa na mtu aliyezaliwa ndani ya kanisa, mtoto wa mtu aliyezaliwa ndani ya kanisa, anayejua nyimbo beti zote bila kitabu. Kwa hiyo kosa la kijana huwa si la mafundisho. Huwa la adabu, na la adabu linauma zaidi.

Kijana wetu mmoja alikuwa mzaliwa wa Dar es Salaam, anasoma chuo Mbeya. Ndani ya gari aliwasikia wenzake wa Kinyakyusa wakisalimiana "ugonile", naye akalishika neno. Hakuna aliyemwambia kwamba hilo ni la rika kwa rika. Mzee anasalimiwa kwa wingi, "mugonile". Asubuhi ya tatu tuliingia kwa mzee aliyekuwa akikata majani makavu ya migomba. Kijana akatangulia, uso umejaa tabasamu, akasema kwa sauti kubwa, "Ugonile!" Mzee akamwangalia. Akalilaza panga taratibu juu ya gogo la mgomba, akafuta mikono kwenye suruali, akaingia ndani. Hakutoka tena. Aliyetoka ni mkewe, akatuambia kwa upole kwamba baba amechoka, tupite siku nyingine.

Usiku ule mshereheshaji wetu, kijana mwenye kipaji cha kweli, alilicheza tukio zima. Alifunga kanga mlangoni ikawa nyumba ya mzee, akashika ufagio ukawa panga, akaiga tabasamu la mwenzake na ile "Ugonile!" yenye lafudhi ya Kariakoo. Vijana walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Mwenye kosa naye alicheka, nilimwona kwa macho yangu. Kesho yake akaomba abaki kusaidia jikoni. Keshokutwa pia. Siku ya sita akanifuata nikisugua sufuria: "Mama, naomba nauli ya kufika Uyole, kutoka hapo nitajua mwenyewe."

Hakukuwa na ubaya moyoni mwa mtu yeyote. Mshereheshaji alimpenda mwenzake, na ndiye aliyembebea begi hadi barabarani siku ya kuondoka. Nimelifikiria sana begi lile. Lilipaswa kubebwa siku ya tatu.

Begi la Hezekia, Makete

Miaka miwili baadaye tulipanda Makete kwa barabara ya Chimala kwenda Matamba, ile ya kona 57. Ilikuwa Juni, baridi ya Kitulo inashuka, alfajiri majani meupe kwa barafu. Mshereheshaji hatukuwa naye, hela ilikuwa ndogo. Lakini tangu Chimala kijana mmoja wa Kihehe (Mnyalu, kama tunavyowaita) kutoka Kihesa, Iringa, na binti wa Kinyakyusa kutoka Kyela walikuwa wameshaanzana. Kijana anamwonya kwamba huko juu hakuna ndizi, ajiandae kufa njaa. Binti anamjibu kwamba angalau mbwa wa Kihesa watapumzika wiki mbili, maana Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa.

Siku ya tatu binti alisimama kuhubiri kwenye kanisa dogo la mabati. Sauti ilikuwa inatetemeka. Akasema, "Tufungue kitabu cha Hezekia, sura ya tatu." Kitabu hicho hakimo kwenye Biblia. Vijana wakainamisha vichwa. Bibi mmoja aliyekaa mbele kabisa, miwani yake imefungwa kwa uzi, akaanza kukitafuta. Akapekua Agano la Kale, akarudi mwanzo, akalamba kidole, akapekua tena, mpaka mzee wa kanisa akamshika mkono. Binti akafunga Biblia, akakaa.

Tulirudi kwa miguu, matope yanavuta viatu. Kijana wa Kihesa akamsogelea, akamvua begi begani, akalivaa juu ya lake. Baada ya hatua kama ishirini akasema, "Jamani, msinishangae nikiinama. Nimebeba kitabu cha Hezekia, nchi nzima kipo hiki kimoja." Kimya. Halafu binti, sauti bado ina machozi: "Kibebe vizuri, Mnyalu, usije ukakiuza ukanunua mbwa." Kicheko kilichotoka kilikuwa kidogo, cha watu waliochoka. Lakini binti alikuwa amejibu.

Kesho yake aliomba zamu mwenyewe. Alimtafuta yule bibi kwa macho, akasema, "Bibi, shikamoo. Leo ni Isaya, sura ya 38, na Hezekia yumo humo." Ni kweli yumo, ndiyo sura inayosimulia ugonjwa wa mfalme huyo na maombi yake. Bibi alicheka mpaka akavua miwani kuipangusa.

Kwa nini utani ulibeba na jukwaa likaangusha

Ukali wa maneno sio uliowatofautisha. Maneno ya kijana wa Kihesa, ukiyapima, yalikuwa makali kuliko igizo la Rungwe. Tofauti ni kwamba mtani ana deni.

Kwetu mtani si mtu mcheshi. Mtani ni nafasi mtu anayopewa pamoja na kazi zake. Kwenye msiba watani ndio wanaoshika jembe kaburini, wanaokata kuni, wanaochota maji. Na hukohuko wanaiga marehemu alivyokuwa akitembea, wanazuia jeneza lisipite mpaka walipwe, na wafiwa wanacheka katikati ya machozi bila kumwona mtu yeyote mkosaji. Ruhusa ya kumcheka marehemu inatoka kwenye lile jembe. Wahehe na Wangoni, ambao babu zao walipigana vita karne ya 19, leo wanataniana, na huwezi kumtania Mngoni leo kisha ukakosa kwenye msiba wake kesho. Ni hivyohivyo kwa bibi na mjukuu, kwa mashemeji, kwa mabinamu: mwenye ruhusa ya kusema ndiye anayepaswa kuamka usiku akiitwa.

Mshereheshaji hana deni hilo. Kazi yake inaisha watu wakipiga makofi, na kosa la kijana linabaki pale katikati ya chumba, sasa limeonwa na watu 30, bila mtu wa kulichukua.

Kwa hiyo safari zangu zina kanuni moja, na vijana wanaijua kabla hawajapanda gari: anayetania abebe. Ukimtania mwenzako kwa kuanguka kwenye matope, wewe ndiye unayefua ile suruali. Ukimtania aliyefungiwa mlango, mlango unaofuata mnasimama wawili. Kanuni hii inachuja mambo mengi bila kiongozi kuwa polisi. Mwenye kejeli hapendi kufua, na akiona mzaha wake una ndoo ya maji nyuma yake, ananyamaza mwenyewe.

Jambo la pili ninaloliangalia ni jibu. Utani ni wa pande mbili. Kijana akitaniwa akajibu, hata kwa neno moja, moto umeshika. Akitaniwa mara mbili akacheka tu bila kujibu, huo haujawa utani, na mtani wake aache siku hiyo. Yule wa Rungwe alicheka sana, na hakujibu hata mara moja. Ningekuwa nimejifunza kusikiliza jibu badala ya kicheko, ningelijua hilo usiku uleule.

Mipaka ya utani

Utani wetu wa Nyanda za Juu Kusini umejaa kabila, na sioni sababu ya kuukataa wote. Ndizi, mbwa, baridi ya Makete, Mnyakyusa na majivuno yake, hayo ni mali ya watu wote na wenyewe wanayachezea. Lakini kuna moja ninalolipiga marufuku kabla gari halijatoka Mbeya. Kila mtu nchini amewahi kusikia ule mzaha wa Wahehe na kamba, ule wa kujinyonga. Sitaki kuusikia. Mwaka mmoja ulitoka kwenye viti vya nyuma tukiwa tunapita Makambako, wenye kusema hawakuwa na nia mbaya, na binti mmoja hakuweka kitu mdomoni mpaka kesho yake mchana. Alikuwa amemzika kaka yake miezi michache nyuma. Hujui aliyekaa siti ya pembeni amezika nani na kwa kifo gani. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wa aina hiyo hakuna kiongozi anayeweza kuukausha kwa wiki mbili.

Vivyo hivyo mwili wa mtu, kigugumizi chake, viatu vyake vilivyochanika, matokeo yake ya mtihani. Na ule unaoitwa utani wa mashemeji kati ya wavulana na mabinti nausimamia kwa karibu mno. Unaanza kwa kuchekana, na siku ya saba kuna binti hataki tena kupangwa na kijana fulani kwenda vijiji vya mbali, na hasemi kwa nini. Ukiona hivyo usiulize mbele za watu. Badilisha jozi, kisha ukae naye pembeni umsikilize.

Kiongozi naye asiwatanie vijana kwa kasi moja na wao. Hawawezi kukujibu, na ukishakuwa wewe ndiye mwenye kutoa nauli na zamu za kuhubiri, utani wako unasikika kama hukumu.

Udhaifu mwingine wa utani ni kwamba unataka muda. Haujengwi usiku mmoja. Timu ya watu 12 iliyosafiri pamoja saa nne barabarani inaweza kuwa na watani kufikia jioni. Timu ya watu 60 waliokusanywa kutoka vyuo vitano haiwezi, na hapo ndipo mshereheshaji anapopata nafasi yake.

Jukwaa lenye faida

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimelikataa jukwaa. Mfano mzuri kuliko yote ni Yohane Bosco, yule padri wa Italia aliyezaliwa mwaka 1815, ambaye wafuasi wake Wasalesiani wana chuo cha ufundi pale Iringa mjini. Alipokuwa mtoto kijijini alijifunza viinimacho na kutembea juu ya kamba kwa kuwatazama wachezaji wa minadani, akawa anawaonyesha watoto wenzake na majirani. Kiingilio kilikuwa sala: watasali rozari kwanza, watamsikiliza akirudia mahubiri ya Jumapili, ndipo kamba ipandwe. Mwaka 1832, akiwa mwanafunzi mjini Chieri, alianzisha na wenzake kikundi walichokiita Chama cha Furaha.

Ukiangalia alichofanya Bosco utaona kitu kinacholiokoa jukwaa. Aliyekuwa hatarini ni yeye, juu ya kamba. Hakuna mtoto aliyetoka pale amebeba aibu ya mwingine.

Sisi tuna namna yetu. Chunya, jioni ya joto, uwanja wa shule umejaa watoto na mama zao, vijana wetu waliigiza kisa cha Eutiko, kijana wa Matendo ya Mitume sura ya 20 aliyesinzia dirishani ghorofa ya tatu Paulo alipokuwa akihubiri hadi usiku wa manane, akaanguka. Dirisha lilikuwa meza juu ya meza. Chini kulikuwa na magunia ya pumba. Aliyeigiza Eutiko alisinzia kwa hatua, jicho moja likifunga, la pili likipambana, na kila Paulo alipotamka "neno la mwisho, ndugu zangu" uwanja mzima uliitikia kwa kicheko, kwa sababu hakuna mtu Tanzania ambaye hajawahi kukaa chini ya mhubiri wa namna hiyo. Alipoanguka kwenye pumba, vumbi likapanda, watoto wakapiga yowe.

Waliofaidika zaidi usiku ule walikuwa waigizaji wenyewe. Walikuwa wamekuja na hofu kwamba mahubiri yao ni marefu, yanachosha, hayafiki. Wakakuta Paulo naye alimchosha mtu hadi akaanguka dirishani, na bado Mungu alimwinua kijana yule na kazi ikaendelea. Hofu yao ilipata mahali pa kukaa bila jina la mwenzao kutajwa. Jukwaa likimcheka mtu aliyemo kwenye maandiko, au tabia ambayo wote tunayo, linatia nguvu. Likimcheka aliyeko kwenye benchi la tatu, linamtafutia basi.

Kwa gharama, jukwaa ni ghali: spika, jenereta, petroli, nauli na chakula cha mtu mmoja zaidi ambaye mchana mara nyingi haendi nyumba kwa nyumba. Hilo la mwisho nalihesabu sana. Mshereheshaji asiyetembea mchana hajui uzito wa anachokifanyia mzaha usiku. Ukimchukua, mpe jozi na mtaa wake kama wengine.

Kisa cha kiongozi, na simu

Kisa cha kiongozi mwenyewe, siku aliyokosea, ni dawa ya usiku wa kwanza. Filipo Neri, padri wa Roma aliyeishi kati ya mwaka 1515 na 1595, aliwahi kutoka mbele za watu amenyoa ndevu upande mmoja ili wanaomwona mtakatifu wacheke kidogo. Kiongozi akisimulia alivyopotea njia ya Ileje akahubiri kijiji ambacho hakikumwita, vijana wanapumua. Wanajua kukosea hakutawafukuzisha. Lakini kimoja kinatosha, kiwe kifupi, na kimalizike na alivyorudi kazini. Wapo viongozi wanaosimulia vitano mfululizo, na ikifika siku ya nne, siku ya kuamua njia ya mtoni ipitwe au isipitwe, vijana hawawaamini tena.

Vichekesho vya simu, stika na klipu kwenye kundi la WhatsApp, sivitumii kutia moyo. Mtandao wenyewe vijiji vingi vya juu unapatikana kwa kupanda kilima, na picha ya mwenzako ameanguka kwenye matope ikishaingia kundini, kesho iko kwa shangazi yake Mwanza. Utani wa mdomo unaisha njiani. Wa simu hauna anayembeba mtu, wala hauna mwisho.

Kwa anayeogopa kwamba kucheka ni kupunguza uzito wa neno

Wazee wengine wa kanisa wananinukulia Waefeso sura ya 5, pale Paulo anapokataza maneno ya upuuzi. Nawaheshimu, na kwa kweli onyo hilo ndilo linalonifanya niupime utani kwa begi. Lakini kitabu cha Methali, sura ya 17, kinauita moyo uliochangamka dawa. Sara alicheka aliposikia atazaa uzeeni, na mtoto akapewa jina la Isaka, maana yake anacheka. Papa Fransisko aliandika kuhusu furaha na ucheshi kwenye waraka wake wa mwaka 2018 juu ya utakatifu, na tarehe 14 Juni 2024 aliwapokea Vatikani wachekeshaji zaidi ya mia moja kutoka nchi mbalimbali. Kijana aliyevunjika moyo hahubiri vizuri zaidi kwa sababu amenyimwa kucheka.

Wewe una timu gani?

Timu ndogo, chini ya watu 15, siku kumi au zaidi, vijijini: chagua utani, usitafute mshereheshaji. Hela ya spika nunulia mabuti ya mpira na mablanketi. Panga viti vya gari wewe mwenyewe, changanya mikoa, Mnyalu akae na mtu wa Kyela, wa Mbozi akae na wa Songea, halafu waache. Ukifika Igawa utasikia kama imeshika.

Timu kubwa, wikiendi moja, mjini: chukua jukwaa, lakini mwandikie mshereheshaji orodha ya asiowagusa, na orodha hiyo ni timu yako yote. Awape Yona, awape Eutiko, awape punda wa Balaamu, awape Roda aliyemwacha Petro nje ya lango kwa furaha.

Kwa misheni ndefu mambo hubadilika tena. Wapo vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho ambao hutumwa miezi 24 kwa wavulana na 18 kwa mabinti, wawili wawili, mchana na usiku. Jukwaa haliwezi kuwafuata huko. Watu wawili kwenye chumba kimoja kwa miezi wanahitaji utani kama wanavyohitaji chumvi, na wanahitaji zaidi siku za kunyamaza. Kwao kanuni ya jibu ni kali kuliko kwetu, kwa sababu asiyejibu hana mwingine wa kumkimbilia.

Na timu mchanganyiko, ambayo ndiyo ya wengi wetu? Utani mchana, igizo moja la Biblia katikati ya juma, kisa kimoja cha kiongozi usiku wa kwanza, simu mfukoni.

Kila safari atakuwepo mmoja asiye na mtani. Mara nyingi ni mgeni, au mdogo kuliko wote, au yule anayejua maandiko sana na hachezi na mtu. Usimpangie mtani kwa amri. Wenzake watajua na yeye atajua. Mimi nampeleka jikoni. Tuna mpishi wetu, mama mtu mzima wa Kinyakyusa, na yeye hutania kwa haki ya bibi kwa wajukuu: kijana yeyote akiingia jikoni anaitwa "mume wangu" na kuulizwa mahari ameleta ya ng'ombe wangapi. Kijana wa maandiko mengi anabaki ameduwaa, hajui pa kuweka mikono. Bibi anamwekea kisu na beseni la viazi mbele yake, anakaa upande wa pili, wanamenya wote. Kufikia beseni la pili utamsikia akisema kwa sauti ya chini kwamba ng'ombe wako njiani, wamekwama Kona 57. Mpangie zamu ya kuhubiri kesho yake.